Macho Makavu ya Bi Kazija

Siku ya kumi na tisa tangu afe mumewe, Bi Kazija alisimama tena mbele ya dirisha la mpokea machozi, na hakuwa na chozi.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tisa, mrefu, mkavu wa mwili, na miguu yake ilikuwa imechoka kabla hajafika. Mji wenyewe haukuwa na jina. Waliozaliwa humo waliuita Mji tu, kama mtu anavyomwita mama yake mama, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kuutofautisha na mwingine. Ulijengwa ubavuni mwa mlima usio na miti, nyumba juu ya nyumba, na baina ya nyumba zilipita ngazi za mawe badala ya njia. Mvua ilikuwa jambo la kusimuliwa. Upepo ulikuwa wa kila siku.

Na Mji ulikuwa na sheria moja iliyokuwa juu ya nyingine zote: mtu hafi mpaka aliliwe. Si kwamba pumzi haikukatika. Pumzi ilikatika, mwili ukapoa, ukaoshwa, ukakafiniwa, ukazikwa jua lingali juu, kama kwingineko. Lakini kifo chenyewe, kile cha kuandikwa, kilingoja chozi. Aliye karibu zaidi na marehemu, mke kwa mume na mume kwa mke, alitakiwa afike katika Jumba la Maziko, asimame dirishani, alie mbele ya mpokea machozi. Chozi likionekana, jina liliandikwa kitabuni na kaburi likawekwa jiwe. Lisipoonekana, marehemu hakuwa marehemu. Alikuwapo. Akikaa hivyo siku arobaini, jina lake lilihamishiwa orodha ya Watoro, watu walioutoka Mji kwa hiari yao, ambao haifai kuwataja, na kila walichokifanya kwa mikono yao kikaandikwa kuwa ni kazi ya mtu mwingine.

"Shikamoo, bibi," alisema Raya, mpokea machozi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mpole, kola yake imepigwa pasi ikasimama.

"Marahaba, mwanangu."

"Leo vipi?"

"Leo kama jana."

Hata hivyo Raya alilazimika kutazama. Aliinua kioo cha kukuzia, akaegemea mbele, akalichungulia jicho moja, kisha la pili. Bi Kazija alijizuia asipepese. Macho yalimwaka.

"Yanakuwasha?"

"Kama yametiwa majivu."

"Kuwashwa si kulia, bibi."

"Najua, mwanangu. Ningekuwa sijui, ningekuwa nimekwisha rudi nyumbani."

Raya alifungua kitabu. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili, Kulia na Kushoto, na watu wa Mji walizoea kutania kwamba aliyeipanga lugha alikwisha amua zamani jicho lipi ndilo la kazi. Akaandika chini ya Kulia: hakuna. Akaandika chini ya Kushoto: hakuna. Akakausha wino kwa kupuliza, taratibu, kama anayepoza uji wa mtoto.

Bi Kazija aliposhuka na kuikata kona ya Jumba, upepo ulimpiga usoni. Palepale macho yalifunguka. Yalimwagika yote mawili, mashavu yakalowa, kidevu kikalowa, upindo wa kanga ukalowa. Alisimama akashangaa, kisha akageuka akapanda mbio, mbio za mtu wa umri wake, mkono mmoja ukutani na mwingine ukiukinga uso ili yasikauke.

"Raya! Raya, mwanangu, tazama!"

Raya alichukua kioo, akatazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alitamani kuliona alilotumwa kuliona. Mwisho akakishusha.

"Hili ni la upepo, bibi."

"Unajuaje?"

"Linakuja jingi, halina linakotoka. La msiba huanzia kooni." Akajigusa koo lake mwenyewe. "Wewe koo lako limetulia."

Na kweli lilikuwa limetulia.

*

Sasa hapo ndipo ilipokuwa taabu yake, na haikuwa ya dirishani tu. Kwa kuwa Mbwarali mumewe hakuwa amekufa, hakuna aliyeruhusiwa kumpa pole. Majirani aliowajua miaka na miaka, waliolibeba jeneza kwa mabega yao, walipokutana naye ngazini waliinamisha macho na kumwuliza kile ambacho sheria iliwaruhusu kuuliza.

"Mzee hajambo?"

"Hajambo."

"Msalimie."

"Zimefika."

Asubuhi ya siku ya kumi na moja mjumbe alisukuma karatasi chini ya mlango: Mbwarali bin Faki, mjenzi wa ngazi, anatakiwa kwenye ukarabati wa ngazi za kisimani. Bi Kazija aliiweka karatasi juu ya mto wa mumewe kitandani. Ikalala hapo. Siku ya kumi na nne alikuta amepika chai ya watu wawili, si kwa kusahau, bali kwa sababu hakuwa na hakika tena ni nani aliyekatazwa kuwapo nyumbani humo. Kama yeye hajafa, basi mimi si mjane. Kama mimi si mjane, basi mume wangu yuko wapi saa hizi? Ametoka. Atarudi. Na kama atarudi, mbona nimegawa shati lake? Nani amegawa shati la mtu aliye hai? Mke mwizi. Mke mwizi ni nani? Ni huyu aliyekaa hapa, anayekunywa chai ya mwenziwe ikiwa baridi. Basi labda mtoro ni mimi. Labda ni mimi niliyetoka, tangu siku ile, na kilichobaki humu ni mazoea yangu tu, yanafagia, yanateka maji, yanajibu hajambo.

Kuna uchovu wa kazi, nao huponywa na kitanda. Uchovu huu haukuwa huo. Ulikuwa uchovu wa kubeba kitu ambacho kila mtu anakuona umekibeba, na kila mtu anakwambia mikono yako ni mitupu. Siku zilipita bila kuhesabika mbele wala nyuma. Jua lilitoka pale lilipotokea jana na kuzama pale lilipozama, na Bi Kazija alianza kuamini kwamba ilikuwa ni siku ile ile moja, inapitishwa mbele yake tena na tena, na yeye anaulizwa: hii umeiona? Na anajibu: nimeiona. Na hii?

Wifi yake alikuja siku ya ishirini. Mwanamkuu alikuwa mdogo wake Mbwarali, mnene, mwepesi wa maneno na mwepesi wa machozi. Aliingia akilia, akaketi akilia, akauvua mtandio wake akilia.

"Mimi nimelia mpaka sauti imenikauka," alisema. "Laiti wangelikubali la kwangu! Nimekwenda, wamenirudisha. Mke kwanza, wanasema. Wifi, kaka yangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea."

"Basi?"

"Hayaji."

"Hayaji! Hata kitunguu huna ndani?"

"Kitunguu nimekwisha jaribu. Siku ya tano. Nilikata vitatu, yakatoka, nikatembea nayo. Nafika dirishani, yamekauka."

Mwanamkuu alitaka kucheka, akajikuta analia zaidi. Alipotulia alisema kwa sauti ya chini, "Wewe unajua watu wanasema nini."

"Wanasema sikumpenda."

"Ndiyo."

"Na wewe wasemaje?"

Mwanamkuu aliukunja mtandio mapajani, akaukunjua, akaukunja tena. "Mimi sijui, wifi," alisema. "Miaka arobaini na mbili niliona mnaishi. Ndani ya nyumba ya watu mtu haoni." Kisha, kama aliyejutia neno lake lakini hajui pa kulirudisha, akaongeza, "Nenda kwa tabibu. Sheria inamsamehe mgonjwa. Akikuandikia ugonjwa, yamekwisha."

*

Tabibu wa macho aliitwa Sanura. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja lenye pazia nene. Alimkalisha Bi Kazija kitini, akampa kadi yenye maandishi madogo asome. Bi Kazija aliisogeza mbali, akaisogeza tena mbali, mpaka mkono ukanyooka wote.

"Mkono umekuwa mfupi," alisema.

"Ni mrefu wa kutosha, mama. Ni jicho."

Akampa nyuzi mbili, akamwuliza ipi nyeusi na ipi samawati ya kukolea. Bi Kazija alizitazama sana, akazipeleka karibu na dirisha, akarudi akasema zote ni nyeusi. Haikuwa kweli. Kisha Sanura alichukua vikaratasi viwili vyembamba kama ukucha, akaviangika kwenye ukingo wa kope za chini, kimoja kila jicho, akamwambia akae amefumba kwa dakika tano. Nje mtu alikuwa akitwanga. Sanura alipovitoa vikaratasi, vilikuwa vimelowa kidogo tu kwenye ncha.

Akamulika ndani ya kila jicho, akatazama muda mrefu, akaketi mbele yake, magoti yao karibu yagusane.

"Huumwi, mama."

"Siumwi?"

"Nimetafuta. Ningeona kitu kibaya ningekwambia. Kioo cha ndani ya jicho kimekuwa kigumu, hakijipindi tena kutazama cha karibu. Kimeingia manjano kidogo, ndiyo maana samawati inakukimbia. Mboni imesinyaa, kwa hiyo unahitaji mwanga mwingi kuliko zamani, na ukitoka juani ukaingia kivulini unakaa kitambo ndipo uone. Ni hivyo?"

"Ni hivyo."

"Na machozi. Kuna tezi zinazolowesha jicho mchana kutwa bila wewe kujua, zimepunguza kazi. Na pembeni mwa kope kuna mafuta yanayozuia maji yasikauke, nayo yamepungua. Kidogo kinachotoka hakikai."

"Na upepo? Mbona nikipita kwenye upepo yanamwagika kama nimepigwa?"

"Ndiyo hayo hayo. Jicho likikauka mno linachomwa. Likichomwa linaomba msaada, na msaada unakuja wote kwa mkupuo, maji matupu. Mtu anayetokwa machozi ovyo barabarani, mara nyingi huyo ndiye mwenye macho makavu."

Bi Kazija alilifikiri hilo. Akasema, "Basi niandikie hivyo hivyo ulivyosema."

"Niandike ugonjwa gani?"

"Huo."

"Huo si ugonjwa, mama. Hayo ni macho mazima ya mtu wa miaka sitini na tisa. Umezeeka vizuri. Wako watu wangelipa vyote walivyonavyo wapate kuzeeka hivyo."

"Kwa hiyo ningekuwa kipofu ningesamehewa."

"Ndiyo."

"Na kwa kuwa ni mzima, nina hatia."

Sanura alichukua karatasi akaandika kilichokuwa kweli, kwamba amempima Bi Kazija binti Haji na kumkuta mzima kwa umri wake, akaeleza na namna umri ulivyoyafanya macho hayo. Kisha akafungua sanduku akatoa kichupa kidogo.

"Tia tone moja moja, mara tatu kwa siku. Na kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya kope, asubuhi. Mwako utapungua." Akakishika kile kichupa kidogo zaidi ya ilivyohitajika kabla ya kukiachia. "Ukitia matone mawili ukiwa unapanda ngazi za Jumba, Raya hawezi kujua. Wala si wewe utakayekuwa wa kwanza."

*

Alikaa na kichupa kile siku kumi na saba.

Macho yalipata nafuu, hilo ni kweli. Mwako ulipungua, akaweza hata kufagia bila kusimama. Alasiri moja alitia matone mawili zaidi ya kipimo, akasimama mbele ya kioo cha ukutani. Tone lilijaa kwenye kope, likatetemeka, likashuka. Ndani ya kioo akamwona mwanamke aliyefiwa. Alikuwa kamili yule mwanamke. Hakupungukiwa na kitu. Ungempa pole bila kuuliza. Bi Kazija alimwonea wivu jinsi mtu anavyomwonea wivu jirani mwenye watoto wengi, akamtazama mpaka alipokauka na kuwa yeye.

Ni nini basi kilichomzuia? Yeye mwenyewe alijiuliza, kwa maana hakuwa mtu wa kujidai mkweli. Alikuwa amemdanganya Mbwarali mara nyingi, juu ya chumvi, juu ya bei ya vitambaa, juu ya mgeni aliyempenda na mgeni aliyemchukia, na Mbwarali alikuwa amemdanganya naye kwa kiasi hicho hicho, na ndoa yao ilipita humo kama maji yanavyopita kati ya mawe. Lakini hilo la dirishani lingeandikwa. Lingekaa katika kitabu baada yao wote wawili, na chini ya jina lake pangekuwa na tone ambalo halikuwahi kumhusu. Je, mtu anaweza kufa kwa chozi la mwingine? Na ni nani aliyeamua kwamba kinachotoka jichoni ndicho kilichomo? Mwenye nguvu huweka dirisha, akasema: yote yaliyo ndani yako yapitie hapa. Ukishindwa kupitia, anasema ndani hamna kitu. Bi Kazija alilala na maswali haya, akaamka nayo, na hayakumpa nguvu. Yalimchosha tu. Lakini kila alipofika ngazi za Jumba na kukishika kichupa, mkono haukupanda.

Siku ya thelathini na tisa aliipeleka barua ya tabibu. Raya aliisoma mara mbili.

"Inasema wewe ni mzima, bibi."

"Ndivyo inavyosema."

"Msamaha ni wa wagonjwa." Sauti ya Raya ilikuwa imeanza kuhangaika. "Kesho ni arobaini. Mimi sina uwezo. Mwenye uwezo ni Mzee Shekuwe peke yake, yuko juu. Panda. Usiseme nimekutuma."

Mzee Shekuwe alikuwa mkuu wa Jumba, mtu wa miaka themanini na moja. Sheria ya chozi alikuwa ameiandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, akiwa na miaka thelathini. Chumba chake kilikuwa na giza, madirisha yamefungwa yote, na Bi Kazija alipoingia kutoka kwenye ukumbi uliojaa jua hakuona chochote. Alisimama mlangoni. Naye mzee, aliyeugeukia mlango, aliona mwanga mtupu unaomchoma na kitu cheusi katikati yake.

"Nani?" aliuliza.

"Shikamoo, Mzee. Ni Kazija, mke wa Mbwarali mjenzi."

"Marahaba. Ngoja kidogo, bibi. Macho yangu yako njiani."

"Na yangu."

Wakangoja. Taratibu meza ilitokea, kisha kiti, kisha kichwa cheupe. Bi Kazija akafunga mlango, akamkabidhi barua. Mzee aliishika, akainyoosha mbali, akaipeleka mbali zaidi, akalala nyuma kwenye kiti. Alipepesa mara nyingi. Kingo za macho yake zilikuwa nyekundu. Mezani, kando ya chupa ya wino, palikuwa na kichupa kidogo.

Bi Kazija alikitambua. Akasema bila hila, kama mtu anayemwuliza mwenziwe habari za magoti, "Wewe hutia mara ngapi, Mzee?"

"Mara nne. Joto likizidi, sita." Kisha akasikia alichokisema. Akaishusha barua.

Bi Kazija hakulitumia neno hilo. Mzee Shekuwe ndiye aliyeendelea.

"Mke wangu alitangulia nikiwa na miaka arobaini na tano. Nilisimama dirishani nikalia mpaka ukosi ukalowa. Nikasema, sheria hii ni ya haki, imenipima na mimi." Alikitazama kichupa. "Mwaka juzi alikufa binti yangu. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, nikawa mimi wa karibu. Raya alikuwa mgeni kazini."

"Pole, Mzee."

"Miaka miwili, wewe ndiye wa kwanza kunipa pole nikaisikia." Alijipangusa macho makavu kwa desturi tu. "Niliiandika nikiwa kijana, Bi Kazija. Machozi yalikuwa karibu wakati ule. Nilidhani kila mtu anayo, na atakuwa nayo siku zote, kama meno." Akasita. "Tia matone. Shuka. Mimi sijakuona."

"Hilo ningeweza bila ruhusa yako. Siku kumi na saba nimelishindwa."

"Unataka nini basi?"

"Nataka uniulize nimeona nini. Mmenitazama macho siku thelathini na tisa, hakuna aliyeniuliza yameona nini."

Mzee aliegemea nyuma. "Umeona nini, Bi Kazija?"

"Miaka sita iliyopita nilikosa ngazi nikaanguka, mguu ukateguka. Nilimwambia mume wangu, ngazi zako zote zimekuwa moja, sioni inapoishia hii na inapoanzia ile. Asubuhi akachukua chokaa na burashi, akaanza kupaka ukingo wa kila ngazi, mstari mmoja mweupe. Alianza mlangoni petu. Nikadhani ataishia kwa jirani. Ilimchukua mwaka na nusu. Siku alipomaliza alinitoa nje, nikaona mistari inashuka mlima wote, kila ngazi inajionyesha. Nililia, Mzee. Nililia mpaka akakasirika, akasema, wewe mwanamke, utaniharibia chokaa."

Mzee Shekuwe alikuwa ameacha kupepesa.

"Chokaa inafutika kwa miguu ya watu. Akarudia. Akarudia mara ya tatu. Siku ile nilimfuata na maji ya kunywa nikamkuta amekaa, ameegemea ukuta, burashi mkononi. Nikakaa kando yake. Nikamsimulia habari za dada yake, kwamba amegombana tena na mwuza mkaa. Nilisimulia yote mpaka mwisho. Nilimgeukia, na uso wake ulikuwa karibu hivi, lakini wa karibu mimi siuoni, naona ukungu. Ilinibidi nisimame. Nikarudi nyuma hatua mbili. Ndipo nikauona uso wake."



"Mimi hushuka ngazi zile kila asubuhi," alisema Mzee Shekuwe. "Kila asubuhi, kwa miguu yangu, bila mtu wa kunishika. Nilidhani ni Baraza la Mji lililoamuru."

Alipiga kengele. Raya akapanda na kitabu, akakiweka mezani, akakifungua pale jina la Mbwarali lilipongoja. Mzee alichukua kalamu, akainama, akainuka, hakuuona mstari. Bi Kazija naye hakuuona. Raya akaweka kidole chake pale, na Mzee akatia sahihi kando ya kidole.

"Lakini safu, Mzee," alisema Raya, mashaka yamemjaa. "Haiwezi kubaki wazi. Chini ya Kulia niandike nini?"

"Muulize mwenyewe. Sheria sina nguvu ya kuivunja leo. Nimechoka. Jibu lake nitalitia muhuri."

Raya alimgeukia. Bi Kazija aliufikiria ukurasa ule asioweza kuusoma, na jibu lilipokuja halikuhitaji kutafutwa.

"Andika: alililiwa akiwa hai."

Kalamu ilikwaruza karatasi, polepole, neno kwa neno. Mzee Shekuwe akabonyeza muhuri. Bi Kazija aliomba kusomewa, akasomewa, jina la mume na jina la baba yake na siku aliyokufa, na maneno yale matatu. Akaitikia kwa kichwa. Hakushukuru, na hakuna aliyengojea ashukuru.

Aliporudi nyumbani, habari zilikuwa zimetangulia. Majirani walimpisha mlangoni wakimpa pole, mmoja baada ya mwingine, pole zote walizozikusanya kwa siku thelathini na tisa, na yeye akazipokea kwa mkono uliolegea. Ndani alivaa nguo nyeupe, akatandika mkeka, akaketi kuanza eda yake. Miguu ilimwuma hadi nyongani. Hakuna kitu alichotakiwa kufanya tena, na mwili wake ulilijua hilo kabla yake, ukajiachia ukutani.

Mwanamkuu alikuja wa mwisho. Alisimama kizingitini, mtandio mkononi, kama asiyejua kama atapokewa. Mtu alikuwa amemweleza yaliyoandikwa. Akaketi mkekani, bega kwa bega na mke wa kaka yake, na kilio kikampanda kutoka kooni.

Bi Kazija aliupitisha mkono wake juu ya mabega yale mazito, akafumba macho.

"Lia, wifi yangu," alisema. "Lia na yangu humo humo."